Mkanda wa Gari la Mahari

Lupepo,
S.L.P. Tukuyu,
Rungwe.
Juni, 1994

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Magari,

Basi tuendelee pale tulipoachia, pale gari lilipozimika mlimani na kwaya nzima ikashuka kusukuma. Najua wewe hujui tuliachia wapi, maana barua ya kwanza nilimpa jirani akaniwekee posta Tukuyu, akaisahau kwenye koti, koti likafuliwa. Kwa hiyo nitarudia kidogo, na wewe nivumilie, mwanangu. Mimi naitwa Tusekile. Ni mama mtu mzima, nalima migomba na chai kidogo, shule niliishia darasa la pili ila elimu ya watu wazima ilinikuta nikiwa na hamu. Kila jambo la hapa Lupepo hupita kwangu kabla halijawafika wenyewe. Si umbea. Nyumba yangu iko njia panda.

Nakuandikia kulalamika. Gazeti lako limerudisha nyumbani mtoto wa kaka yangu, ana mimba, na mume wake anampenda.

Kaka yangu anaitwa Lazaro. Zamani aliendesha lori la kubeba chai, kwa hiyo usukani anaujua. Binti yake Agness aliposwa na Asajile, kijana wa Ikuti anayefanya kazi bandarini Dar es Salaam, kazi ya kuyatoa melini haya magari yaliyotumika Japani. Tukadai mahari kama kawaida, yaani ng'ombe. Yule kijana akaniita pembeni akasema, "Shangazi, siku hizi mambo ni ruksa. Sabuni mnanunua popote, nguo za mitumba mnachagua wenyewe, magazeti yako kumi. Ng'ombe wa nini?" Akatuletea gari la spoti. Jekundu, milango miwili, limelala chini kama chura aliyeona nyoka. Mhariri, siku lilipoingia hapa, hata waliokuwa msibani waliomba ruhusa ya kwenda kuchungulia.

Wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakakubaliana gari lile lihesabiwe kuwa ni ng'ombe wote wa mahari. Wakashikana mikono, tukala, tukapiga vigelegele, Agness akaenda kwake. Na sisi tukalitunza vilevile kama ng'ombe. Kaka alilijengea banda la mianzi kati ya nyumba yake na yangu, chini akatandika majani makavu, asubuhi za baridi analifunika blanketi kwenye boneti. Kutembea lilitembea Jumapili tu, tena isiyo na mvua, na wewe kama umewahi kufika Rungwe unajua hizo Jumapili ni ngapi.

Jumapili moja kaka aliongozana na kwaya kwenda Kiwira kwenye uimbaji. Kwaya kwenye lori, yeye mbele na gari lake. Wakati wa kurudi, pale kwenye mlima, gari likakohoa kidogo likanyamaza. Wanakwaya wakashuka na magauni yao meupe wakalisukuma kulirudisha Kiwira kwa fundi Mansuri. Mansuri akafungua, akachungulia, akatoa kitu cheusi kimekatika. Akasema, "Mzee wangu, huu ni mkanda wa taimingi. Ndio unaoziambia valvu zifunguke lini na zifunge lini. Ukikatika, vyuma vya juu na vya chini vinagongana. Mara ya mwisho mlibadilisha lini?" Kaka akamwangalia. "Kubadilisha? Kwani ulichafuka?"

Sasa sikia desturi yetu, maana hapa ndipo gazeti lako lilipoingilia. Katika ukoo wetu ng'ombe wa mahari akifa kabla hajazaa, unamchuna, ngozi unaiwamba juani, ikikauka unawapelekea wakwe kama ushahidi. Wao wanaitazama, wanakupa pole, wanakupa ng'ombe mwingine. Hakuna ugomvi. Kaka akauchukua ule mkanda, akauwamba uani kwa vijiti vya mwanzi, na mvua ikija tunauingiza ndani. Ulipokauka, ingawa Mansuri alisema mpira haukauki, wazee wakavaa makoti, wakaufunga kwenye jani la mgomba, wakaenda nao Ikuti kwa mzee Amoni, baba yake Asajile.

Amoni aliupokea kwa heshima zote. Akaugeuza, akauvuta, akaunusa. Halafu akasema, "Huyu hakufa kwa ugonjwa. Huyu kafa kwa njaa."

Kisha akaingia ndani akatoka na gazeti lako.

Mmeandika humo kwamba mkanda wa taimingi wa gari la spoti ubadilishwe kila kilomita laki moja, au kila miaka mitano, chochote kitakachotangulia, kwa sababu injini yake inazunguka kwa kasi. Na kwamba ukipata gari lililotumika na hujui lilikotoka, ubadilishe mkanda siku unayolipokea. Na kwamba hilo ni jukumu la mwenye gari. Amoni alisoma taratibu, anaweka kidole kwenye kila neno, akimaliza anawatazama wazee wetu juu ya miwani. Akasema ng'ombe uliyemnyima majani hadi akafa hafidiwi, hata ulie namna gani. Kaka yangu akasimama. Akasema kama mahari imekufa na hailipwi, basi binti yake hajaolewa. Bahati mbaya Agness na mume wake walikuwa hapo hapo Ikuti, wamekuja likizo. Wakarudi naye jioni ile ile, wakamweka kwangu.

Sasa yupo jikoni kwangu. Tumbo limefika kwenye meza kabla yake. Anamenya ndizi zangu huku analia, anaondoa na nyama, ganda limekuwa nene kuliko ndizi. Asajile yupo kwa baba yake, likizo inaisha, kesho kutwa lazima apande basi la Dar. Akiondoka peke yake na mtoto akazaliwa hapa kesi haijaisha, mtoto ataitwa kwa ukoo wetu, na hao wawili hutawaunganisha tena hata kwa gundi ya Mansuri. Ndiyo maana naandika haraka, na ndiyo maana nimepanga malalamiko yangu kwa namba, ili usinijibu kwa kuzungukazunguka.

1. Kilomita. Nani alikuambia gari linazeeka kwa kilomita? Gari letu lilikuwa bandani. Lilikuwa linapumzika. Mimi nina shoga yangu hajawahi kufika hata Mbeya na amezeeka kunishinda mimi niliyefika Kyela mara nyingi. Na kama ni miaka, miaka ya kuanzia lini? Tangu lizaliwe Japani, tangu lishuke bandarini, au tangu lipokelewe na vigelegele? Kwetu ng'ombe wa mahari umri wake unaanza siku anapoingia zizini kwako, huko nyuma alikokula ni siri yake. Gazeti lenye heshima lingeuliza kwanza.

2. Haya maneno yenu "chochote kitakachotangulia". Ndugu Mhariri, umeyafikiria? Ungeandika hivyo kuhusu posa, kwamba binti aolewe na yeyote atakayetangulia, Rungwe nzima kungebaki na ndoa? Mimi mwenyewe nisingekuwa na mume niliye naye, maana aliyetangulia alikuwa muuza kuku wa Masoko, mwenye maneno mengi na kuku wachache. Mambo makubwa hayaamuliwi kwa kutangulia. Yanaamuliwa kwa kukaa.

3. "Mwenye gari." Hapa ndipo mlipoharibu kabisa. Ng'ombe wa mahari wanagawanywa. Baba wa binti anapata wake, baba mkubwa anapata wake, shangazi naye hasahauliki kama ukoo una adabu. Gari tulifanya vilevile. Kaka Lazaro alipewa injini na usukani. Kaka yetu mkubwa Abrahamu alipewa magurudumu ya nyuma, na kila akija anayapapasa. Mimi nilipewa buti, nimeweka humo vitunguu vyangu, haviozi kabisa. Niambie basi, mwenye gari ni nani? Mkanda umo kwenye injini, injini ni ya Lazaro. Abrahamu anasema fungu lake ni zima, halijafa, upepo umejaa, kwa hiyo kwa upande wake yeye Agness ameolewa. Na mimi nikitazama vitunguu vyangu sina la kumdai Asajile. Lazaro anasema hajaolewa. Kwa hesabu ya ukoo, Mhariri, yule mtoto ameolewa kuanzia mlangoni kwenda nyuma. Nilimweleza hivyo nikidhani atacheka. Akamenya ndizi nyingine.

4. Mnatoa habari nusu. Mmesema mkanda ukikatika valvu zinapinda, hamkusema ni nani athibitishe kifo. Kaka alipoona Amoni hasikii, akamwita bwana mifugo, kwa sababu ndiye anayetoa ushahidi ng'ombe akifa. Bwana mifugo ni kijana mzuri, mcheshi, alikuja na buti zake za mpira. Akalizunguka gari, akapiga piga ubavu, akauliza kama liliogeshwa kwenye josho. Kaka akajibu kwamba linaoshwa kila Jumamosi kwa sabuni ya unga. Bwana mifugo akasema basi kupe sio. Akanywa chai, akala viazi, alipoombwa kuandika chochote akakumbuka ana mbuzi mgonjwa Ikuti. Kama ukurasa wako ungetaja mapema kwamba gari halina bwana mifugo, tusingemsumbua.

5. Sasa ninakuja kwenye ombi, na naomba ulisome umekaa. Futa ile hesabu ya kilomita. Futa na miaka. Andika upya, kwa herufi kubwa, kwamba mkanda wa gari la spoti lililotolewa mahari hubadilishwa kila anapozaliwa mtoto wa ile ndoa, na anayebadilisha ni upande wa mwanamume. Tazama inavyokaa vizuri. Ng'ombe anazaa ndama, mke anazaa mtoto, gari linapata mkanda, kila mtu ameongezeka kitu. Wakizaliwa mapacha iletwe mikanda miwili, mmoja unatunzwa. Na wale vijana wa Dar wenye magari ya spoti na hawajaoa, wao wasibadilishe kabisa. Wasubiri ukatike. Watakaposukumwa na kwaya mbele ya wasichana watajua umuhimu wa kuwa na familia.

Usiseme hili ni la Lupepo tu. Likishachapwa gazetini litakuwa la nchi nzima, na nchi ikishakubali, waandikieni Wajapani wayapake maneno hayo kwenye mlango kabla gari halijapanda meli. Kama wanaweza kuandika kile chao kinachofanana na vijiti vya kiberiti vilivyomwagika, na hiki kitawashinda?

6. Gazeti lako likubali kwamba limehusika. Zamani tulikuwa na magazeti machache, na yote yalizungumza habari za kilimo na mikutano, hakuna lililowahi kumrudisha mtu kwa mama yake. Sasa ni ruksa, kila mtu anaandika, vizuri, mimi napenda kusoma, nasoma hata lile la kufungia maandazi. Lakini anayefungua mdomo kwenye mahari ya watu anakuwa mshenga. Ndiyo desturi. Kwa hiyo wewe, Ndugu Mhariri, au yule kijana anayeandika habari za mikanda, tayari ni mshenga wa ndoa hii, mpende msipende. Njooni. Mshenga hukaa katikati, mkeka nitatandika mimi. Nitachinja jogoo, nitapika ndizi na maharage, maziwa ya mgando yapo. Mtamwambia Amoni mbele ya watu kwamba gari ni ng'ombe, mkanda ndio roho yake, na roho ya ng'ombe wa mahari inadaiwa kwa aliyetoa. Mkimaliza mtashuhudia Agness akirudi kwa mume wake.

Njiani mkipita duka la vipuri, mje na mkanda.

Hilo ndilo langu. Sina hasira na wewe, maana ukurasa wenu naupenda, hasa picha. Nisalimie mkeo, nisalimie mama aliyekuzaa popote alipo, nisalimie wapanga herufi wote na yule anayefagia ofisi, maana najua ndiye anayejua habari zote kabla yenu. Kaka Lazaro anakusalimu ila amenuna. Abrahamu anakusalimu, na magurudumu yake. Agness angekusalimu lakini mikono ina utomvu wa ndizi.

Ndaga fijo kwa kunisikiliza. Nakaa nikingoja jibu lenye akili.

Mama yako wa njia panda,
Tusekile, Lupepo.

N.B. Nilikuwa nimeshalamba bahasha tangu juzi, leo nimeifungua tena. Usichape kwanza!

Mzee Amoni amekuja. Yupo hapa uani kwangu, na mtamba mweusi kwenye kamba, mtamba mzuri, amenona, macho kama ya bibi harusi. Amesema, "Lazaro, nimeshindwa kulala. Mjukuu wangu asizaliwe kwenye kesi. Gazeti nimelikunja. Mkanda ni ng'ombe, kama mnavyosema, na ng'ombe huyu hapa. Nipe mkwe wangu."

Mhariri, tumeshinda! Nilitaka kupiga kigelegele, mkono ulishafika mdomoni. Kaka yangu akamzunguka yule mtamba. Akamtazama meno, akamshika nundu, akamtazama na kwato. Halafu, mbele ya watu wote, baada ya mimi kuandika kurasa zote hizi mpaka kalamu imenitoa malengelenge, akasema, "Simtaki."

Amoni akauliza, "Ana kasoro gani?"

"Hana kasoro. Lakini mimi nataka mkanda. Amoni, tusidanganyane sisi watu wazima, gari si ng'ombe. Ng'ombe hana redio."

Nikaona aibu, ardhi ikawa ndogo. Amoni akauliza kwa sauti ya chini kama hiyo redio bado inafanya kazi. Kaka akasema betri ni nzima, Mansuri aliyelirudisha hapa kwa kulivuta na lori aliiacha na chaji, na leo kuna mpira.

Sasa hivi ninavyoandika, nimesimama dirishani, wote wawili wako ndani ya gari. Wamefunga vioo kwa ajili ya manyunyu. Wanashangilia, kila mmoja timu yake, gari linatikisika kama lina kuku ndani. Mtamba amefungwa kwenye bampa, anatafuna banda. Hakuna anayetaja mahari. Nimegonga kioo kuuliza kesi imefikia wapi, kaka amenionyesha mkono kwamba nisubiri, kuna kona.

Na Agness amechungulia. Kwetu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake, hata kivuli chake anakikwepa, ndiyo maana tangu Amoni afike alikuwa amejifungia jikoni. Lakini alipoona mzee amejifungia mwenyewe ndani ya gari, vioo vimeota ukungu, haoni nje, akanawa mikono. Akajifunga kanga vizuri, akachukua beseni lake la nguo, akatokea mlango wa nyuma. Asajile yupo kule barabarani, anajifanya anasoma bango la uchaguzi la mwaka gani sijui.

Nikamzuia, mimi ni shangazi yake. Nikamwambia kesi haijaisha, tunangoja jibu la gazeti. Akanitazama kama ninavyomtazama mimi muuza samaki wa juzi. Akasema, "Shangazi, kesi ibaki na wenyewe, ng'ombe wao na gari lao. Mimi mume wangu likizo inaisha."

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ile habari ya ng'ombe ifute. Na ya watoto ifute pia, maana nikimtazama anavyotembea naona huyu hatangoja mkanda wa mtu. Kilomita laki moja inatosha, miaka mitano inatosha, chochote kitakachotangulia, ni maneno mazuri tu ukiyazoea. Lile la jogoo mkija ni kweli, lakini mtanikuta na

Haya, ananiita kutoka migombani. "Shangazi! Unaandika au unanisindikiza? Basi hilo linashuka, na beseni ni zito!" Naenda. Barua nampa kondakta.